Mwenza wa Udongo

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mbona mmeitika haraka hivyo? Hata mdomo sijaufunga. Hadithi ya leo haitaki mwitikio wa mbio. Nitaita tena, nanyi mngoje kidogo, mvute pumzi, ndipo mwitike. Haya.

Paukwa!

...

Pakawa!

Hapo sawa. Sasa nisikilizeni.

Hapo zamani za kale, bibi yake bibi yangu akiwa bado anabebwa mgongoni, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi. Kijiji kilikuwa kilimani. Chini ya kilima palikuwa na bonde, na huko bondeni ndiko ulikotoka udongo mzuri, mweusi, laini, wa kunata. Chungu cha udongo ule babu alikula humo, na mjukuu akala humo humo.

Lakini lile bonde, jamani! Lile bonde halikuwa na mchana. Jua liwake lisiwake, ukungu umelala mle, mzito, hausogei hata upepo ukivuma. Ukiingia kidogo tu, huoni mkono wako. Na ndani ya ukungu mlikuwa na kitu. Hakuna aliyekiona. Kilisikika tu. Kilikuwa kinaita.

Kilikuita kwa sauti ya mama yako. Ukikaza moyo, kikakuita kwa sauti ya mwanao. "Huku! Huku! Njia ni huku!" Ukikifuata, ndiyo basi tena.

Kwa hiyo wafinyanzi wakawa na desturi yao. Wasichana walipofikia umri wa kuchimba, walijigawa wawili wawili. Kila wawili walipewa donge moja, wakafinyanga kijungu kimoja, mikono minne. Kijungu kikishachomwa, wale ni wenza wa udongo mpaka kufa. Mmoja akishuka bondeni, mwenzake hukaa juu ukingoni, akamwita jina. Aliye chini huitika, akaifuata sauti, akatoka. Siku mmoja akifa, kijungu huvunjwa. Na kijungu kikishavunjwa, hata uite mpaka koo likauke, sauti yako haiingii tena kwenye ule ukungu.

Sasa, kijijini hapo alikuwapo Bibi Nyamizi. Ndiye huyu ambaye mpaka leo mtu akiwa na subira, wazee husema, "Huyu kakalia jiwe la Nyamizi." Msidhani alizaliwa na busara. Wapi! Usichanani mdomo wake ulikuwa kama siafu, uliuma kila mtu. Siku ya kugawana wenza, wasichana wakakimbiliana, huyu na huyu, huyu na huyu, Nyamizi akabaki peke yake. Na upande wa pili akabaki Kabula.

Kabula alikuwa binti ambaye akili yake ilikwenda kwa mwendo wake. Alichelewa kutembea, akachelewa kusema. Ukimuuliza neno, alilipokea, akaligeuza kichwani polepole, kama mtu anayegeuza karanga kaangoni zisiungue, ndipo akajibu. Wengi hawakuwa na muda huo. Walimwita mjinga, wakaenda zao.

Kabula akamtazama Nyamizi. Akamuuliza, "Umekuja na nani?"

Nyamizi alikuwa na hasira, maana hakuja na mtu. Akafoka, "Na mimi!"

Kabula akanyamaza. Akalipokea neno, akaligeuza. Kisha akacheka! Alicheka mpaka akaketi chini. Amekuja na yeye mwenyewe! Nyamizi naye, pamoja na mdomo wake wote ule, akajikuta anacheka.

Tangu siku hiyo, kila walipokutana:

"Umekuja na nani?"

"Na mimi."

Na kicheko kile kile. Masika na kiangazi. Nyamizi akaolewa, akazaa, akafiwa na mume. Kabula hakuolewa, alikaa kwa mdogo wake, Shija. Wakaota mvi wote wawili. Swali lile lile, jibu lile lile.

Wala haukuwa urafiki wa asali tupu. Kabula alikuwa mkaidi. Akikasirika alikaa katikati ya njia, ng'ombe wapite pembeni. Karanga za Nyamizi hazikulala salama. Kuna wakati Nyamizi alimkemea mbele za watu, Kabula akanuna msimu mzima. Nyamizi akawa anakwenda mlangoni pake kila siku, anakaa kimya, anarudi, mpaka alipoulizwa tena swali lake. Na Nyamizi alipofiwa, watu walikuja na maneno mengi, wakaondoka nayo. Kabula alikuja bila neno, akakaa naye mkekani. Matanga yakaanuliwa, watu wakatawanyika, yeye bado amekaa.

Kazi ya Kabula ilikuwa kukanyaga udongo. Pwata! Pwata! Pwata! Nyayo zake zilikuwa na nyufa kama shamba la kiangazi. Na alipenda kushuka bondeni kuchimba. Hakuogopa. Nyamizi alikaa juu kwenye jiwe, akaita mara moja, "Kabula!" Halafu akangoja. Akangoja. Akangoja. Ndipo ikatoka sauti ndani ya ukungu, "Umekuja na nani?" Naye akajibu, "Na mimi." Kabula akatoka na kapu lake, anacheka.

Basi siku moja goti la Nyamizi likavimba. Hakuweza kuteremka njia ya bondeni. Akasema, "Leo Kabula asiende." Lakini Milembe, mke wa Shija, akasema, "Dada, udongo umetuishia, na yeye ameshabeba kapu. Nitakaa mimi ukingoni. Kuita nako ni kazi?"

Wakaenda. Kabula akashuka, ukungu ukamfunika. Milembe akasimama juu. Nyumbani alikuwa amebandika maharage, moyo wake ulikuwa kwenye moto. Akaita, "Wifi! Wifi Kabula! Wifi, unasikia? Kabula! Toka twende! Wifi!"

Na mara, haraka, kabla hajafunga mdomo, "Nipo, wifi! Nimeshatoka!"

Akatoka kweli. Kapu kichwani, limejaa. Anatabasamu. "Pole kwa kunisubiri, wifi yangu. Twende, maharage yako yasije yakaungua."

Milembe akashtuka kidogo. Maharage? Nilimwambia habari za maharage? Lakini akafurahi. Wakapanda kilima, Kabula mbele, anakwenda upesi. Ardhi ilikuwa kavu siku ile, lakini kila alipokanyaga paliachwa unyayo wenye maji.

Walipofika kijijini, ikawa ajabu. Kabula anasalimia watu kwa majina. Kabula anauliza habari za watoto wa watu, za mbuzi wa watu. Unamuuliza neno, hujalimaliza, jibu limeshafika! Shija akashika kichwa. "Dada, umepona?" Naye akamjibu kwa maneno ambayo marehemu mama yao alikuwa akimwambia utotoni, "Mwanangu wa mwisho, kifunga mimba changu." Shija akalia machozi. Akachinja jogoo. Watu wakaja kutazama, wakasema, "Mungu hamtupi mja wake!"

Hakuna aliyeona kwamba Kabula yule hakumla jogoo. Alikaa mbali na moto, kivulini, mikono mapajani. Nzi walitua kwa kila mtu, kwake hawakutua. Mbwa wa Shija alimtazama, akaingia uvunguni mwa ghala, hakutoka tena siku ile.

Habari ikamfikia Nyamizi. Akaja anachechemea, fimbo mkononi, furaha imemjaa. Nani asingefurahi?

"Karibu, rafiki yangu," yule akasema. "Goti lako vipi? Pole sana. Keti hapa."

Nyamizi akaketi. Akangoja swali lake. Halikuja. Yule alikuwa anasema tu, maneno mazuri, yamepangika, hayarudiwi hata moja. Nyamizi akasema, "Kabula, leo hutaniuliza?"

"Nikuulize nini, rafiki yangu?"

Nyamizi akamshika mkono. Ulikuwa baridi kama ndani ya mtungi. Akamtazama nyayo. Zilikuwa laini, hazina ufa hata mmoja, kama chungu kilichosuguliwa kwa kokoto kabla ya kuchomwa.

Yule akainama, akamnong'oneza, "Nyamizi, sisi tumezeeka. Kile kijungu cha utoto cha nini? Kilete tukivunje. Umenibeba maisha yote. Pumzika sasa."

Nyamizi akainuka. "Mimi sikumbeba Kabula," akasema. "Tulitembea."

Akaenda moja kwa moja kwa Shija. "Shija, huyu si dada yako. Dada yako yuko bondeni."

Shija akakasirika. "Dada Nyamizi, nikuheshimu vipi ukisema hivyo? Miaka yote namwomba Mungu, leo amenisikia, wewe unanuna? Sema kweli. Ulizoea kuwa mwerevu mbele ya asiyejua. Sasa amekuwa sawa nawe, wivu unakuuma."

Neno lile lilimchoma Nyamizi. Alikwenda nalo nyumbani, akakaa nalo. Akajiuliza, je, ni kweli? Nilimpenda kwa kuwa mbele yake nilijiona mwerevu? Akatafuta ndani ya moyo wake kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Alikuta mambo humo, si yote mazuri. Alikuta siku alizochoka naye. Alikuta siku aliyomwonea haya mbele za wageni. Lakini chini ya hayo yote alimkuta Kabula mwenyewe, amekaa mkekani siku ya msiba, kimya. "Hapana," akasema. "Namtaka yule yule. Namtaka Kabula wangu na swali lake."

Kesho yake yule akaenda kwa wazee wa kijiji. Aliwasemesha vizuri, kila mzee akaambiwa alilopenda kusikia. Wazee wakakubaliana: siku ya kuchoma vyungu, kijungu cha Nyamizi na Kabula kiletwe kivunjwe mbele za watu, na maneno ya Nyamizi yaishe.

Sasa oneni hatari yenyewe. Kijungu kikivunjwa, Kabula aliye bondeni hatasikia tena sauti ya mtu anayemjua. Atabaki na ile nyingine tu.

Siku ya kuchoma vyungu ikafika. Watu walipanga kuni na mavi makavu ya ng'ombe, wakapanga vyungu, wakawasha moto asubuhi. Moshi ukapanda. Shija akatumwa nyumbani kwa Nyamizi kuchukua kijungu. Akakuta mlango wazi, Nyamizi hayupo, kijungu hakipo.

Nyamizi alikuwa njiani. Ko! fimbo. Ko! fimbo. Goti linamuuma, jua linamchoma, kijungu amekifunga kifuani kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Akafika ukingoni. Akaketi kwenye jiwe lake. Jua lilikuwa utosini, lakini mbele yake ukungu ulikuwa mweupe, umesimama kama ukuta.

Akaweka kijungu magotini. Akaita mara moja.

"Kabula!"

Kimya.

Jamani, ingekuwa mimi ningeita tena. Nanyi mngeita tena, msinidanganye. Nyamizi hakuita. Alingoja.

Ukungu ukajibu, haraka, kwa sauti ya mumewe aliyekufa. "Nyamizi, mke wangu! Shuka, niko hapa chini!"

Machozi yakamtoka. Hakusogea.

Sauti ikabadilika, ikawa ya mama yake. "Binti yangu, jua litakuumiza. Njoo huku kwenye baridi."

Hakusogea.

Ikawa ya Kabula, lakini nyepesi, ya haraka. "Rafiki yangu, nimepona! Mbona hufurahi pamoja nami?"

Akakumbatia kijungu. Hakusogea.

Halafu ukungu ukatulia. Kisha, karibu kabisa, sikioni pake, ikasema sauti ambayo hakuitegemea. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, Nyamizi.

"Nimechoka naye," ikasema.

Aliigeukia ile sauti, hakuona mtu. Lakini mdomo wa siafu haukuwa umekufa.

"Ndiyo," akasema. "Nachoka. Nikichoka nakaa chini, kama hivi nilivyokaa. Siondoki."

Ile sauti ikakosa la kusema. Maana hicho kitu, ndugu zangu, kilijua kubadilisha maneno, hakikujua kukaa na neno moja. Kilikuwa na haraka. Kilikuwa na haraka kama Milembe, kama Shija, kama mimi na wewe.

Jua likaegemea. Nyamizi anangoja. Kivuli cha jiwe kikarefuka. Nyamizi anangoja. Mate yamemkauka, goti limekuwa moto. Nyamizi anangoja.

Na ndipo, mbali, chini kabisa, polepole, ikatoka sauti imejaa usingizi na udongo.

"Umekuja... na nani?"

Nyamizi akasimama, na lile goti. Jibuni nyinyi. Alisema nini?

Na mimi!

"Na mimi!" akasema. "Na mimi, Kabula! Nimekuja na mimi!"

Kimya. Neno likapokelewa. Likageuzwa. Kisha kikapanda kicheko. Kilipanda kile kicheko kutoka bondeni, kikapita kilimani, kikafika mpaka penye moto wa vyungu.

Huko penye moto, yule mwingine alikuwa katikati ya watu, anawasemesha. Neno likamkauka mdomoni. Ka! Ufa ukaanza pembeni mwa midomo. Ka! Ufa ukashuka shingoni. Mama mmoja akapiga ukelele. Yule akageuza macho kumtazama Shija, na macho yalikuwa mashimo mawili ya kidole, kama mtoto anavyomtia macho mwanasesere wa udongo. Pa! Akapasuka. Pakabaki rundo la udongo mbichi, baridi, na ukungu kidogo ukafuka juu yake, ukatambaa chini kuelekea bondeni. Hakuna aliyethubutu kuugusa.

Jioni ikaanza kuingia pale bibi wawili walipoonekana wanapanda njia. Mmoja anachechemea. Mwingine ametapakaa udongo toka kichwani, midomo imepasuka kwa kiu. Wameshikana mikono. Kijiji kizima kimesimama, hakuna anayekohoa.

Milembe akaanguka miguuni pake. "Wifi, nisamehe. Nilikuita. Wallahi nilikuita!"

Kabula akamtazama. Watu wakangoja, safari hii wakangoja kweli. Akasema, "Uliita. Nikafungua mdomo. Ukaita tena."

Akasema hayo tu. Hakuwa na hasira. Lakini Milembe aliyabeba maneno hayo mpaka uzeeni.

Kisha Kabula akaenda mpaka mbele ya Shija, mdogo wake wa tumbo moja, aliyekula naye sahani moja miaka yote. Akamuuliza, "Umekuja na nani?"

Shija akafungua mdomo, akaufunga. Hakujua jibu. Alikuwa ameulizwa swali hilo tangu anatambaa, hajawahi kulijibu hata siku moja. Akamgeukia Nyamizi kwa macho ya kuomba.

"Usinitazame mimi," Nyamizi akasema. "Umeulizwa wewe."

Shija akatazama chini, penye lile rundo la udongo alilolichinjia jogoo. Akasema kwa sauti ndogo, "Na... na mimi, dada."

Kabula akalipokea. Akaligeuza. Akacheka mpaka akaketi chini.

Nasikia wengine wananong'ona hapo nyuma, "Kumbe Kabula alikuwa na nguvu, aliokoa kijiji." Hapana. Nyamazeni. Kabula hakuokoa kijiji. Hakuwa mganga wala hakuwa malaika. Kesho yake aliiba karanga kama kawaida. Hadithi hii si ya mtu aliyefaa kitu, ni ya mtu aliyekuwa na rafiki, akatafutwa.

Miaka ikapita, Bibi Nyamizi akafa. Alizikwa ukingoni, karibu na jiwe lake. Wazee wakaleta kijungu kivunjwe, kama desturi. Kabula akakichukua mikononi mwao, akaketi nacho kaburini. Akauliza, "Umekuja na nani?"

Akangoja. Watu wakatazamana. Ukungu kule chini ukakorogeka kidogo, kama kitu kinachotaka kusema. Kabula anangoja.

Ndipo Milembe, aliyekuwa sasa mzee mwenye mvi, akatoka katikati ya watu. Akaketi chini, kwenye mchanga, bega kwa bega naye. Hakuwa na haraka. Nyumbani hakuwa amebandika kitu.

"Na mimi," akasema.

Ukungu ukatulia. Na kijungu hakikuvunjwa.

Basi mkitoka hapa mkumbuke: rafiki wa mwendo wa polepole hakuombi umbebe, wala umbadilishe. Anakuomba ukishaita, ungoje. Aliyechoka akae chini, asiondoke.

Nami mtungi wangu wa hadithi nimeutua hapa, kichwa kimepoa. Lakini kabla hamjanyanyuka, niulize kwanza, na msiitike mbio.

Mmekuja na nani?